Mto Sabaki au Msitu wa Sokoke: njia ipi ya changarawe ikufae ukiwa Malindi

Mtu akinijia hapa Malindi na baiskeli ya changarawe, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za beberu na tairi nene kuliko za baiskeli ya mashindano, swali lake la kwanza huwa ni kilomita. Ngapi kwenda, ngapi kurudi, na vilima je? Namwelewa, maana hata mimi nilianza hivyo. Lakini huku kwetu kilomita hazisemi mengi, na vilima navyo ni vya kadiri: vinapanda, vinashuka, na mwenye gia za kutosha humaliza mpando akiwa ameketi. Kinachomrudisha mtu nyumbani juu ya boda boda, baiskeli kaipakata, ni vitu viwili: mchanga na jua.

Njia ya bonde la Sabaki hadi Marafa ni njia ya jua. Njia ya Msitu wa Arabuko-Sokoke ni njia ya mchanga. Ukishajua ni kipi kati ya hivyo viwili mwili wako na baiskeli yako vinakistahimili, umeshachagua nusu. Nusu iliyobaki ni msimu.

Njia ya mto

Unatoka mjini kwa barabara ya kuelekea Lamu. Ondoka mara baada ya swala ya alfajiri, kabla malori hayajachangamka, maana kipande hiki cha lami ndicho sehemu mbaya kuliko zote za safari. Baada ya muda mfupi unafika daraja la Sabaki. Simama hapo kidogo. Maji yaliyo chini yako yametoka mbali: mto huu huanza kama Athi huko bara karibu na Nairobi, hukutana na mto Tsavo ukaitwa Galana, na ukikaribia bahari sisi twauita Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Tope unalolibeba ndilo linaloigeuza bahari ya Malindi kuwa na rangi ya chai ya maziwa mvua zikinyesha bara, hata siku ambayo mjini hakujadondoka tone. Kulia kwako, mto unapoingia baharini, kuna ndege wengi wa majini, na siku njema heroe wanaonekana kama mstari wa waridi. Viboko na mamba wamo pia, kwa hiyo usidanganyike na maji machache ya kiangazi ukashuka kunawa uso.

Ng'ambo ya pili ya daraja ni nchi yenye kisa chake. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wagiriama kuhama ukingo wa kaskazini wa mto huu, mashamba mazuri kuliko yote waliyokuwa nayo, wakakataa, na vita vikazuka. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahimiza Wagiriama kuupinga ukoloni, alikuwa ameshakamatwa mwaka uliotangulia na kupelekwa Kisii, akatoroka, na simulizi za huku zinasema alirudi kwa miguu. Kila nikiipita njia hii nikiwa nimechoka, nalikumbuka hilo, na uchovu wangu napunguza kuutaja.

Baada ya daraja unakunja kushoto, unaiacha lami na kelele zake, na unaelekea Marikebuni, kisha Magarini, kisha Marafa. Kutoka mjini hadi Marafa ni kati ya kilomita 30 na 40 kutegemea vichochoro unavyovichagua, na kurudi ni vivyo hivyo. Udongo ni mwekundu na mgumu, na pale magari yanapopita sana barabara imejikunja kama bati la paa. Mikono hufa ganzi hapo. Dawa yake ni kuhamia ukingoni, kwenye kijia cha wapita kwa miguu, ambacho kimelainishwa na nyayo za watu na mbuzi. Usiende kwa kasi kwenye kijia hicho, maana si chako peke yako: watoto wa shule, kina mama wenye madumu ya maji, wazee na baiskeli zao za Black Mamba zilizosheheni makaa au mahindi. Wasalimie. Mtu anayepita kijijini bila salamu huonekana hana kwao.

Na hapa ndipo njia ya mto inapoishinda ya msitu kwa mbali: watu. Hukai muda mrefu bila duka, kituo cha boda boda, au mwembe wenye kivuli na mama anayeuza kitu chini yake. Msimu wa maembe utakula ngowe mpaka viwiko viteremke maji. Eneo hili pia hulima mananasi, na nanasi lililokatwa papo hapo kwa panga, likatiwa chumvi na pilipili, humwinua mtu aliyekwisha. Tairi likitoboka, fundi yupo. Yeye hana pampu ya kisasa wala vipuli vya baiskeli yako ya ng'ambo, lakini ana beseni la maji la kutafutia tundu, kipande cha tyubu kuukuu, gundi na subira. Nimeketi kwenye kibao cha fundi wa namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Miiba ya mgunga imejaa ukingoni mwa njia hii na haina huruma: huingia mzima mzima, kisha ncha hukatikia ndani ya tairi na kukutoboa tena baada ya nusu saa. Ndiyo sababu fundi wa kweli, kabla ya kurudisha tyubu, hupitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, macho kayafumba, akisikiliza kwa ngozi. Jifunze kufanya hivyo mwenyewe.

Siku moja mwezi wa Februari niliondoka mjini saa tatu asubuhi kwa sababu nilikuwa nimelala mno. Tyubu ya akiba nilikuwa nayo moja, maji lita moja na nusu. Pancha ya kwanza niliibadilisha kwa haraka bila kupapasa tairi, na ncha ya mwiba niliyoiacha ndani ikanitoboa tena mahali ambapo hapakuwa na mti wala kibanda. Nilikokota baiskeli karibu saa nzima juani. Nilipofika kwenye nyumba ya kwanza, mama mmoja alinitazama, hakuniuliza kitu, akaniletea kata ya maji. Nilipomaliza ndipo aliposema, "Mwanangu, jua la huku halipandwi saa hizi." Tangu siku hiyo sitoki kuelekea Marafa jua likiwa limeshachomoza.

Marafa kwenyewe ndiko malipo yako. Unafika kijijini, unalipa kiingilio kidogo kinachosimamiwa na wenyeji, unaegemeza baiskeli, na hatua chache mbele ardhi inaisha. Chini yako kuna korongo la mawe ya mchanga yaliyochongwa na mvua na upepo, minara na kuta zenye matabaka meupe, ya waridi, ya chungwa na mekundu ya damu. Wageni wanapaita jiko la jehanamu. Kigiriama panaitwa Nyari, mahali palipovunjika penyewe. Wazee husimulia kwamba palikuwa na familia tajiri ya ng'ombe, wakawa wanaoga maziwa ilhali jirani zao hawana cha kunywa, na Mungu akawadidimiza ardhini. Weupe wa kuta ni maziwa yale, na wekundu ni damu yao. Shuka chini na mwongozaji wa kijijini, kwa miguu, baiskeli ibaki juu. Adhuhuri humo ndani joto hujikusanya kama kwenye tanuri, kwa hiyo ama ufike asubuhi mapema, ama ulale Marafa kwenye nyumba za wageni za kawaida zilizopo, uione jioni jua linapolala na rangi zikiwaka.

Ukilala, asubuhi ya pili unaweza kusonga kuelekea misitu ya Dakatcha, ambako ndiko hasa vilima vyenye miti viliko. Miti ya mrihi imesimama kwenye matuta, vijia vinazunguka katikati yake, na kuna ndege mmoja mdogo wa manjano na meusi, kwera wa Clarke, asiyepatikana popote duniani ila hapa na Sokoke. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua anazalia wapi, hadi mwaka 2013 viota vyake vilipopatikana Dakatcha, kwenye bwawa la msimu. Miti inakatwa kwa makaa na kufyekwa kwa mashamba ya mananasi, na ukipita kwa baiskeli huwezi kukwepa kuliona hilo. Unapishana na magunia. Huku nenda na mwenyeji, vijia vinagawanyika mno na alama hakuna.

Njia ya msitu

Hii inaanzia Gede, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi. Ushauri wangu ni uipakie baiskeli juu ya matatu hadi Gede, ulipe nauli ya mzigo, uanzie hapo. Barabara kuu ya Mombasa ina mwendo wa kasi na ukingo mwembamba, na sioni sababu ya mtu kuhatarisha maisha kwenye lami ilhali amekuja kwa ajili ya vumbi.

Gede usiipite hivi hivi. Magofu yake ni ya mji wa Waswahili uliostawi hasa karne ya 15 na kuhamwa karne ya 17, wenye misikiti, jumba la mfalme, vyoo na visima, na mibuyu imeota katikati ya kuta. Mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Papo hapo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaoishi kandokando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza mabuu yake nje ya nchi, wakapata sababu ya kuulinda msitu badala ya kuukata. Lakini hayo yaache ya kurudia. Saa ya kuingia msituni ni alfajiri.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Unapita ofisini, unalipa kiingilio, unamchukua mwongozaji. Mwongozaji hapa ni wa lazima kwa maoni yangu, hata kama miguu yako ni ya chuma. Tembo wamo humu, na msitu ni mzito: unaweza kuwa hatua 20 kutoka kwa tembo usimwone. Mwongozaji husoma mavi na tawi lililovunjika kama mimi na wewe tunavyosoma bango. Siku moja kijana aliyekuwa mbele yangu alifunga breki, akashuka, akagusa kinyesi kwa kidole, kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini, "Kaka, hiki bado kina moto. Turudi tuzunguke." Tuligeuza bila neno. Baiskeli haina kelele, na hiyo ndiyo hatari yake, maana unaweza kumshtua mnyama ambaye gari lingemwondoa mapema.

Jambo la kulielewa kuhusu msitu huu kabla ya kuuingia ni kwamba ni misitu mitatu, na kila mmoja una udongo wake, na kila udongo una namna yake ya kuendeshwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea.

Upande wa mashariki, ulikoingilia, ni msitu mchanganyiko, miti ya kila namna iliyobanana, udongo wa kijivu, majani makavu yametandikwa njiani. Panapitika vizuri na kivuli ni kingi. Hapa endesha polepole na utazame mbele kwenye majani, kwa sababu ndipo anapoishi sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga anayechokonoa wadudu kwenye majani. Wa hapa ana nyonga za rangi ya dhahabu, dhahabu kwelikweli, kama mtu aliyekalia rangi mbichi. Yeye hukusikia kabla hujamwona. Utasikia majani yakichakacha, utaona mgongo mweusi mwekundu umetulia, pua inatikisika, kisha huruka hatua tatu nne na kinachobaki machoni pako ni ile dhahabu inayopotea kichakani.

Katikati ni mrihi. Miti imeachana, mwanga umejaa, nyasi ziko chini, na mchanga ni mweupe na umelegea. Hapa ndipo baiskeli nyingi zinapolala ubavu. Mchanga huu hupigani nao kwa nguvu. Kabla ya kuuingia, shuka upunguze upepo wa tairi mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba pabonyee wazi. Tairi la milimita 40 litakupa taabu hata hivyo. La 45 au 50 ndilo la kwenda nalo. Weka gia nyepesi, sukuma uzito nyuma kwenye kiti, legeza mikono, na zungusha pedali bila kukatiza. Gurudumu la mbele litayumba. Liache liyumbe, litajirudi lenyewe; ukilibana usukani ndipo utakapoanguka. Usiguse breki ya mbele. Tafuta ukingo wenye majani na mizizi, na pale mchanga unapokuwa mrefu kuliko subira yako, shuka utembee. Hakuna aibu, mwongozaji wako naye atashuka. Na kama baiskeli yako bado inatumia tyubu, usipunguze upepo kupita kiasi, maana ukigonga mzizi tyubu hubanwa na rimu ikatoboka mahali pawili kwa mpigo mmoja, na fundi hayupo humu.

Magharibi, ardhi inapanda kidogo kidogo, udongo unageuka mwekundu, na miti inakuwa mifupi, migumu, imeshikana kama ua. Ni huku bundi mdogo wa Sokoke anakokaa, ndege wa ukubwa wa kiganja na vidole, anayelala mchana kutwa juu ya kitawi, mara nyingi wawili wameegemeana. Peke yako hutamwona hata akiwa mbele ya pua yako. Mwongozaji anajua walikolala jana. Wekundu huu wa udongo ni jamaa mmoja na ule wa Marafa, mchanga wa Magarini wenyewe. Na upande huu wa msitu kuna mahali pa kutazamia ambapo tuta linakatika ghafla na nchi ya Wagiriama inaonekana hadi macho yachoke. Napo panaitwa Nyari. Kwa hiyo njia zote mbili, ya mto na ya msitu, zinakufikisha mahali palipovunjika penyewe, moja kwa juani na nyingine kwa kivulini. Msitu wote hauzidi sana mita 200 juu ya bahari, lakini ukisimama pale baada ya mchanga ule utahisi umepanda mlima.

Kutoka huko mwongozaji anaweza kukupitisha hadi Jilore, ukingo wa kaskazini, ambako kuna ziwa la maji matamu na bonde la Sabaki linaanza kunukia. Kutoka Jilore kurudi Malindi ni mteremko wa taratibu kuelekea baharini. Mzunguko mzima, ukianzia Gede, ni kilomita 40 na kitu, na mtu wa kawaida akae tayari kuumaliza kwa muda uleule ambao angeutumia kwenda Marafa na kurudi. Watu hawaamini hili mpaka waukanyage mchanga wenyewe.

Msimu, upepo na mvua

Marafa iko kaskazini magharibi mwa mji. Kusi, ambayo huvuma takriban Aprili hadi Septemba, inatoka kusini mashariki, kwa hiyo inakusukuma mgongoni ukienda na kukupiga kifuani ukirudi. Kosa la wageni ni kudhani wana miguu mizuri asubuhi, wakaenda mbali kuliko uwezo wao, wakaja kugundua mchana kwamba miguu ilikuwa ya upepo. Kusi ikiwa kali, panga kulala Marafa au kurudi na gari. Kaskazi, Desemba hadi Machi, inakupiga ubavuni kote kote, haisumbui sana, lakini ndiyo miezi ya jua kali. Nzuri kuliko zote kwa njia ya mto ni maleleji, pepo zinapobadilishana na hewa imetulia, na kwa bahati mbaya hayo hukutana na mvua.

Msituni upepo hauna neno, miti inauzuia. Mvua ndiyo yenye neno, na inafanya kazi kinyume na unavyotazamia. Mvua ndogo iliyonyesha jana ni neema kwenye mchanga mweupe, kwa sababu mchanga uliolowa hushikamana wenyewe kwa wenyewe, na tairi likapita juu yake kama sakafuni. Siku kama hiyo mrihi wote huendeshwa bila kushuka. Lakini mvua hiyohiyo kwenye udongo mwekundu wa magharibi huleta utelezi na ulimbo: tope linajaa kati ya tairi na fremu, gurudumu linakataa kuzunguka, na unajikuta unachokoa kwa kijiti kila baada ya hatua 50. Barabara ya Marafa nayo ni nyekundu, kwa hiyo ina tabia hiyohiyo. Masika, Aprili hadi Juni, mimi huishia kwenye msitu wa mashariki tu na kurudi.

Maji, chakula, pesa

Njia ya mto beba lita mbili, nyingine utanunua. Njia ya msitu beba yote unayoyahitaji, lita tatu kwa uchache, maana ndani hakuna anayeuza kitu. Chakula ni hivyohivyo: msituni beba mahamri ya asubuhi na tende, vinakaa mfukoni bila kuharibika. Kwa gharama, msitu ni ghali zaidi, kwa kuwa kuna kiingilio na mwongozaji, na mwongozaji umlipe vizuri. Njia ya mto gharama yake ni kiingilio cha Nyari na unachokula.

Nani aende wapi

Kama umekuja na baiskeli ya tairi nyembamba, milimita 38 au chini, nenda mtoni. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kwenye vumbi lakini unalistahimili joto, nenda mtoni pia, kwa sababu kila kosa utakalofanya kuna mtu karibu wa kukusaidia, na ukishindwa kabisa kuna boda boda na matatu. Mtu anayesafiri peke yake namtuma mtoni bila kusita.

Kama jua linakuumiza kichwa, kama una mtoto mkubwa unayetaka kumwonyesha kitu atakachokumbuka, kama wewe ni mtu wa ndege, au kama umechoka kusikia injini, nenda msituni. Mtoto usimpeleke zaidi ya upande wa mashariki, geuzeni mnapoufikia mchanga mweupe. Hapo pia sengi ndiko aliko, kwa hiyo hajakosa kitu. Baiskeli ya mlima ya tairi pana, hata ya kukodi, itakufaa msituni kuliko ya changarawe ya bei kubwa. Ya kukodi ikague kabla ya kulipa: vuta breki zote mbili ukiisukuma mbele, na uzungushe pedali kinyume usikilize mnyororo. Rafiki yangu aliichukua moja bila kuijaribu, na breki ya nyuma ilikuwa pambo tu. Aligundua akishuka kuelekea Jilore.

Mimi mwenyewe, nikiulizwa moja tu, nasema msitu. Nyari ya Marafa inapendeza zaidi kwa macho, sibishani na hilo, na picha zake ndizo zinazoleta watu. Lakini barabara ya Marafa unaweza kuipita kwa gari na usipoteze mengi. Msitu kwa gari ni vumbi na kioo, na kwa miguu huwezi kuuvuka misitu yote mitatu kwa asubuhi moja. Baiskeli peke yake ndiyo inayokutoa kwenye kijivu, ikakupitisha kwenye nyeupe, ikakufikisha kwenye nyekundu, huku ukisikia sauti ya tairi ikibadilika kila udongo unapobadilika.

Mwenye siku mbili afanye zote, na aanze na msitu. Ukianza na Marafa, kusi itakumaliza miguu na mchanga wa kesho yake utakutesa. Jioni ya siku ya kwanza, kabla hujaoga, safisha mnyororo. Mchanga wa Sokoke ni laini kama unga na ukichanganyika na mafuta husaga meno ya gia kama msasa. Chukua mswaki mkuukuu na mafuta ya taa kwenye kifuniko, sugua pingili moja moja, futa kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke safi, uache ukauke usiku kucha, na asubuhi utie tone moja tu la mafuta kila pingili, ufute yaliyozidi. Rudisha upepo wa tairi ulioupunguza. Kisha lala mapema, kwa sababu alfajiri, kusi ikiwa bado haijaamka, inapasa uwe umeshalivuka daraja.